Baba mtu kanyamaza, mimi nimeropoka, na usaili ni Februari

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto wawili. Tunaishi Columbus, Ohio, tangu mwaka 2014 tulipopata ile bahati nasibu ya viza. Nahudumia wazee kwenye nyumba ya kutunzia wagonjwa, zamu ya usiku. Mume wangu anaendesha lori, akiondoka Jumatatu anarudi Ijumaa. Binti yetu wa kwanza ana miaka 17, yuko darasa la 12, anamaliza Mei.

Tangu darasa la 9 yumo kwenye maigizo ya shule. Tulidhani ni ya kupitishia muda tu, kama wenzake wanavyocheza mpira. Agosti akatuwekea mezani karatasi yenye vyuo 14, vyote vya kusomea uigizaji, shahada wanayoiita BFA. Shangazi, sikujua kama kuna vyuo ambavyo maksi peke yake hazikuingizi. Unatuma maombi kama mtu mwingine, halafu unajirekodi video unaigiza, wakiipenda wanakuita usaili wa ana kwa ana, na baada ya hapo ndiyo wanaamua. Na karibu kila hatua ina ada yake.

Video alirekodia kwenye besimenti, pembeni ya mashine ya kufulia. Simu kaifunga kwenye ngazi ya kupandia kwa mpira wa kubania nywele, nyuma katundika shuka la kijivu. Vipande viwili, kimoja cha kisasa, kingine cha Shakespeare, kwenye mchezo wa Julius Caesar: yule Portia mke wa Brutus, anambembeleza mumewe amwambie kinachomkosesha usingizi. Nimekisikia mpaka nakijua. Kila kipande kama dakika moja na nusu, lakini alirekodi Jumamosi nzima. Mara ikawa inatoka vizuri kabisa, hata mimi niliyekaa juu nimejizuia kukohoa, ghafla mlango wa gereji ukanguruma, baba mtu anaingia na mifuko ya sokoni. "Hodi wenyewe!" Mtoto akakaa chini sakafuni akacheka. Nilidhani anacheka.

Majibu ya video yalianza kuja Novemba. Hadi leo vyuo sita vimemkataa, vinne vimemwita, vinne kimya. Jibu la sita lilikuja saa moja asubuhi, mimi ndiyo natoka kazini sijalala, nikamwambia, "Mama, si uache tu? Kwani unesi una ubaya gani?" Hakujibu. Akachukua begi lake akaenda kusubiri basi la shule. Tangu siku hiyo anafanyia mazoezi huko chini mlango kaufunga, nikishuka na nguo za kufua ananyamaza mpaka nipande.

Mume wangu yeye hasemi ndiyo wala hapana. Mtoto akitaja chuo, yeye anaulizia mafuta ya gari. Usiku tukiwa wawili ndiyo anafunguka: hatukuvuka bahari ili mtoto akawe msanii, na nyumbani wakituuliza anasomea nini tuseme maigizo? Halafu pesa. Aliona chuo kimoja kinataka zaidi ya dola 80,000 kwa mwaka, pamoja na chakula na malazi. Akafunga kompyuta akaenda kulala.

Sasa vyuo vitatu kati ya vile vinne vinafanya usaili Chicago wiki ya kwanza ya Februari, vyote kwenye hoteli moja. Cha nne kipo hapa hapa Ohio. Anahitaji mtu mzima wa kwenda naye. Je, niendelee kumtia moyo huku najua nafasi ni finyu, au nimwambie ukweli mapema asije akaumia zaidi? Niende naye? Na baba yake nimfanyeje? Juzi kabla hatujanuniana aliniuliza pia kama afupishe jina lake, lile refu la bibi yake, ili Wazungu wasihangaike nalo. Sikujua nimjibu nini.

Mama Wawili, Columbus

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba mwanangu.

Umeniandikia barua ya msiba. Nimeisoma mara mbili natafuta maiti, sijamwona. Vyuo kumi vimejibu, vinne vimesema vinataka kumwona mtoto wako kwa macho. Watu wa vyuo hivyo kila mwaka wanaangalia mamia ya video za watoto wa mwaka wa mwisho. Hawakujui wewe wala mchungaji wako, hawana sababu ya kumpendelea mtu. Na madarasa yenyewe ni madogo, mengi yanachukua kati ya watu 12 na 20 kwa mwaka, kutoka Marekani nzima na nje. Juilliard ya New York huchukua kama watu 18, na hapo wamejumlisha shahada ya kwanza na uzamili. Tena hawachagui mmoja mmoja, wanaunda kundi la watu watakaocheza pamoja miaka minne. Kocha mwenye magolikipa wawili wazuri hasajili wa tatu hata awe hodari vipi, na huyo wa tatu hataambiwa sababu. Kwa hiyo zile hapana sita hazisemi mengi, ila zile ndiyo nne zinasema.

Tuanze na lile neno la saa moja asubuhi. Shuka chini kwenye mashine yako ya kufulia, safari hii bila nguo. Piga hodi. Mwambie, "Nilikosea, nilikuwa nimechoka, nisamehe." Halafu nyamaza. Najua sisi tuliolelewa kule hatukuzoea kumwomba mtoto radhi. Mama yangu akikosea alikuwa anakuletea chai, na wewe unajua hiyo ndiyo samahani. Chai peleka pia. Lakini huyu amekulia Ohio, anahitaji kuyasikia maneno yenyewe, na ukiongeza "lakini" mwishoni utakuwa umepoteza chai yako bure.

Sasa huo ukweli unaotaka kumwambia. Ukweli gani? Kwamba hana kipaji cha kutosha? Hujui, nami sijui, na wanaojua wamemwita. Kwamba kazi ya uigizaji ni ngumu? Mtoto aliyekataliwa na vyuo sita kabla ya Krismasi hahitaji kusomewa hilo. Ukweli mlio nao ninyi wazazi, ambao yeye hana, ni wa pesa. Huo mwambieni, na mumwambie kabla ya Chicago.

Nakazia hapo kwa sababu nimeona familia ikifanya kinyume. Walimwacha binti azunguke usaili msimu mzima, wakimwombea kimoyomoyo akataliwe ili mambo yaishe yenyewe. Akakubaliwa. Aprili, barua ya chuo imebandikwa kwenye friji, ndipo baba akasema hatuna uwezo. Yule binti leo ni mtu mzima, kwao anakwenda siku ya Iddi tu.

Hesabu yenyewe ifanyeni mezani, watatu, kalamu mkononi. Ile dola 80,000 iliyomlaza mumeo mapema ni bei ya ubaoni. Sheria inavitaka vyuo viweke kwenye tovuti zao kikokotoo cha gharama halisi. Mnaingiza kipato chenu, kinawakadiria kiasi kitakachobaki baada ya misaada. Fanyeni kwa kila kimoja cha vile vinne, mtashangaa, maana wakati mwingine chuo ghali cha binafsi kinashuka kuliko cha serikali, na wakati mwingine hakishuki kabisa. Kama FAFSA, ile fomu ya kuombea msaada wa serikali wa masomo, hamjaijaza, ijazeni wiki hii. Wenye kadi ya kijani wanaruhusiwa kama raia. Baadhi ya vyuo vya binafsi vitataka na ile CSS Profile, fomu ndefu yenye maswali ya kuudhi, jazeni hivyo hivyo. Halafu ulizeni kila chuo kama usaili wenyewe unampa mtoto nafasi ya ufadhili wa kipaji, kwa sababu vipo vyuo vinavyofanya hivyo.

Kuhusu mikopo nitakuwa mkali kidogo. Mkopo wa serikali kwa mwanafunzi anayetegemea wazazi, mwaka wa kwanza, hauzidi dola 5,500. Kiasi hicho mtu anaweza kukibeba hata akiwa anahudumu mgahawani huku akisubiri kuitwa kwenye mchezo. Hatari inaanza pale chuo kinapowaambia ninyi wazazi mzibe pengo kwa mkopo wa jina lenu. Mama wa zamu ya usiku na baba wa lori msiingie huko kwa ajili ya shahada ya uigizaji. Hata kwa ajili ya shahada ya unesi ningewaambia mfikirie mara mbili. Mkishapata kiasi mnachoweza kutoa kwa mwaka, kiandikeni kwenye karatasi na mmpe. Akikubaliwa sehemu inayozidi hapo, atajua mwenyewe, na hatakuwa na wa kumchukia.

Na mnakaa jimbo la heri, sijui kama mnajua. Chuo Kikuu cha Cincinnati kina BFA ya uigizaji, Wright State ya Dayton ina yake, Ohio University ya Athens pia, na zote ni za serikali, mkazi wa jimbo analipa ada ndogo kuliko mtoto wa nje. Otterbein ya binafsi iko hapo Westerville, karibu nawe kabisa. Watu wanasafirisha watoto kutoka majimbo ya mbali kuja kusailiwa Ohio.

Ipo pia njia ambayo watoto hawa huidharau wakiwa na miaka 17, shahada ya BA ya sanaa za maonyesho. Nyingi haziombi usaili, na zinaacha nafasi ya kusoma kitu kingine sambamba. Lupita Nyong'o alipitia huko. Alisoma shahada ya kwanza Hampshire, chuo kidogo cha Massachusetts kisicho na hizi BFA, ndipo akaenda kusomea uigizaji ngazi ya uzamili Yale, akamaliza 2012, Oscar akapata 2014. Simtaji ili mumeo aanze kuihesabu Oscar. Namtaja kwa sababu mlango wa miaka 17 si wa pekee, na mlango wa Yale, kwa ngazi hiyo ya uzamili, tangu 2021 hautozi ada. Angalieni leo hii ni vyuo gani vya BA ambavyo bado vinapokea maombi, binti aombe angalau viwili. Asipende, aombe tu.

Mume wako. Mkwe wangu huyo nimempenda, kwa sababu anayenyamaza mbele ya mtoto na kusema usiku ni mtu anayeogopa, si mtu anayedharau. Jambo la "tuwaambie nini nyumbani" ni jepesi. Waambieni yuko chuo kikuu, nukta. Wakichimba, wakumbusheni kwamba Profesa Penina Mlama, mwandishi wa tamthilia, alifundisha sanaa za maonyesho Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na akapanda pale pale mpaka unaibu makamu mkuu wa chuo. Hakuna aliyemwita mhuni.

Lakini hoja hazitamshusha chini kule. Kitakachomshusha ni kazi. Umesema kipande cha binti ni kile cha Portia anayemwomba mumewe amwambie kinachomsumbua. Mwanangu, uliandika hilo bila kuona? Kila siku mtoto anarudia, mbele ya simu iliyofungwa kwa mpira wa nywele, maneno ya mtu anayeishi na mwanamume aliyenyamaza. Anahitaji mtu wa kumtazama anapoyasema, kwa sababu kumwomba mtu ukiwa unatazama shuka la kijivu ni kazi ngumu. Ijumaa akirudi, akishakula, mwambie baba mtu binti anaomba dakika kumi. Akae kwenye kiti, awe Brutus. Hana maneno ya kukariri, ni kusikiliza na kunyamaza tu, na hilo tayari analiweza kuliko waigizaji wengi.

Akigoma kwa sababu Kiingereza cha Shakespeare kinamchosha, kinatuchosha wote. Mwalimu Nyerere aliutafsiri mchezo huo mzima, tafsiri ya kwanza ikatoka 1963, akiwa tayari ni Rais, na miaka michache baadaye akaipitia upya. Baba asome kipande hicho kwa Kiswahili kwanza, kwa sauti, binti asikilize. Mtoto wako ataelewa sentensi ambazo labda amekuwa akizitamka tu, na mume wako atakuwa mtu pekee ndani ya nyumba anayemzidi kwenye jambo hilo. Wanaume wanapenda hivyo.

Chicago, nenda. Mzazi mmoja anatosha. Kutoka Columbus ni kama saa sita kwa gari, barabara za Indiana mwezi wa pili zina theluji inayopita mlalo, kwa hiyo ondokeni siku moja kabla. Na kumbukeni Chicago iko nyuma yenu kwa saa moja. Simu zitajibadilisha zenyewe, saa ya mkononi haitajibadilisha, na mtu mwenye usingizi wa zamu ya usiku anaweza kuchanganya. Vyuo vingi hukutana mjini humo kwa siku chache, hivyo lifti zinajaa watoto wanaoongea peke yao na kina mama wenye mifuko. Saa ya usaili ikiwa saa nne, saa tatu awe ameshafika korido hiyo. Mwenye orodha atakuwa mlangoni, anaitwa jina, anaingia peke yake, dakika chache katoka. Achukue picha zake na karatasi ya michezo aliyoigiza, nakala za ziada, kwa sababu vipo vyuo vinavyopokea watu papo hapo bila miadi ikiwa nafasi zimebaki. Akitaka kujaribu, mwache. Wewe beba ndizi, maji yasiyo baridi, chapati, na chaja.

Nilishawahi kumsindikiza binti wa kaka yangu kwenye usaili wa namna hiyo. Katoka mlangoni, mimi nimesimama kama askari. "Wamesemaje?" "Wamesema asante." "Asante tu?" Basi. Hiyo "tu" yangu ilimliza kuanzia ghorofa ya saba mpaka kwenye maegesho, na alikuwa bado na chuo kingine mchana. Kumbe wote wanaambiwa asante, hata watakaopokelewa. Sasa wewe mwanao akitoka muulize kama ana njaa. Akitaka kusimulia atasimulia mwenyewe, pengine mkishafika Indiana, pengine Machi. Na usimwombee kwa sauti kwenye lifti. Ombea ukiwa chooni.

Vile vyuo vinne vilivyokaa kimya, aviandikie barua pepe fupi, mara moja, na aandike yeye mwenyewe. Wewe usipige simu. Baada ya Chicago kuna kungoja kubaya kuliko usaili, majibu yanadondoka moja moja hadi mwanzoni mwa Aprili, na vyuo vingi vinataka uamuzi tarehe 1 Mei. Wiki hizo mpe kazi za nyumbani kama kawaida. Aoshe vyombo. Mtoto anayetembelewa kama mgonjwa hujiona mgonjwa.

Jina lake asilifupishe. Akiingia kwenye chumba kile, kitu cha kwanza kinachotoka mdomoni mwake ni jina lake, kabla hata ya kutaja kipande. Alitamke polepole, lote, kama bibi yake alivyokuwa akimwita kutoka uani. Wale wanamudu majina ya Kirusi kwenye tamthilia za kina Chekhov, la bibi halitawashinda.

Kile kitabu cha Mwalimu mkikikosa huko, niandikie upesi. Nina jirani anasafiri kuja Ohio katikati ya Januari, mizigo yake haijafika kilo ishirini.